Zege Litadumu Miaka Mingapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vipimo vya Maabara na vya Nje

Maswali haya huulizwa na mafundi, wahandisi vijana, wanafunzi na watu wanaojenga karibu na bahari. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limeshaelezwa, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Michemraba yangu imefaulu siku ya 28. Hiyo haitoshi kuniambia kwamba jengo litadumu?

Haitoshi. Mchemraba wa zege unaovunjwa siku ya 28 ili kupimwa nguvu umelala kwenye tangi la maji tangu ulipotolewa kwenye boksi lake. Haukupigwa na jua la Dodoma la saa saba mchana, hauna nondo ndani, na mara nyingi uliandaliwa kwa uangalifu kuliko zege lililomwagwa kwenye nguzo jioni, watu wamechoka na mtu ameshaongeza ndoo ya maji ili literemke vizuri.

Kuna tofauti kubwa zaidi. Mashine ya kuvunja hupima zege zima, ilhali umri wa jengo lenye nondo huamuliwa na sentimita tatu hadi tano za nje, yaani kava linalofunika nondo. Hapo ndipo unyevu hukauka kwanza, hapo ndipo kokoto hushindwa kujipanga kwa kubanwa na ubao, na hapo ndipo uvivu wa kumwagilia huonekana. Jengo linaweza kuwa na zege zuri la megapaskali 30 katikati na ngozi inayonyonya maji upesi.

Nguvu na kudumu vina uhusiano, ndiyo. Duff Abrams alionyesha kule Chicago mwaka 1918 kwamba nguvu hushuka kadiri uwiano wa maji kwa saruji unavyopanda, na maji hayohayo ya ziada yakikauka huacha vinjia ambamo chumvi na hewa hupita. Lakini michanganyiko miwili yenye nguvu ileile, mmoja wa saruji ya kawaida na mwingine wenye pozolana (unga kama majivu ya volkano) au slagi (masalia yaliyosagwa ya kuyeyusha chuma), inaweza kutofautiana mara kadhaa katika kupitisha chumvi. Mchemraba hauoni tofauti hiyo.

2. Zege huharibiwa na nini hasa?

Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki adui wa kwanza ni kutu ya nondo, nayo huingia kwa milango miwili. Zege jipya lina ualkali mkali, pH ya 12.5 au zaidi, na ualkali huo huivisha nondo utando mwembamba unaoizuia kushika kutu. Hewa ukaa ikipenya polepole huushusha ualkali huo, na utando ukapotea. Kloraidi, yaani chumvi ya bahari, hufanya vibaya zaidi: hutoboa utando hata ualkali ukiwa bado juu. Kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma ilikotoka, hivyo husukuma kava mpaka likapasuka na kumeguka.

Baada ya hao kuna salfeti za ardhini na za maji ya chini ya ardhi zinazovimbisha zege, na kuna kokoto zenyewe kumenyukana kikemia na alkali ya saruji (swali la 7). Barafu inayoganda na kuyeyuka ndiyo iliyotawala utafiti wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwetu haina kazi, ila ni vizuri ujue kwamba baadhi ya vituo vya nje (mahali vipande vya zege huachwa miaka mingi ili vipimwe) vinavyosifiwa zaidi vilijengwa kwa ajili yake.

3. Mtu anawezaje kutabiri miaka 100 kwa jaribio la wiki chache?

Anaharakisha. Njia ni tatu: kuongeza ukali wa kinacholishambulia zege, kuongeza joto, au kutumia umeme kuisukuma chumvi. Kisha anachukua kanuni ya hesabu na kuirefusha mpaka mwaka anaoutaka.

Kila njia ina gharama. Ukichochea moto mara mbili chini ya sufuria ya ugali huupati kwa nusu ya muda. Unaupata umeungua chini na mbichi juu. Zege nalo ndivyo. Joto likizidi kiasi fulani huzuka mimenyuko ambayo isingetokea kwenye daraja halisi, na suluhisho kali mno huangusha madini ambayo maji ya kawaida yasingeyagusa.

Kwa hiyo chukua jaribio la haraka kama la kupanga mstari: mchanganyiko A ni bora kuliko B, na B ni bora kuliko C. Kazi hiyo linaiweza. Kutaja mwaka ni kazi nyingine, na kazi hiyo inahitaji vipande vilivyokaa nje miaka mingi ili hesabu ipate mahali pa kushikia. Anayekupa mwaka bila kukuonyesha data ya nje amekupa nusu ya kazi.

## Vipimo vya maabara

4. Kina cha hewa ukaa hupimwaje, na hesabu yake ikoje?

Unavunja kipande, unafuta vumbi, unanyunyiza fenolifthaleini sehemu iliyovunjika sasa hivi. Palipobaki na ualkali panageuka zambarau. Palipoliwa na hewa ukaa panabaki na rangi yake. Unapima kwa rula. Ni kipimo rahisi kuliko vyote kwenye ukurasa huu, na sielewi kwa nini hakifanywi kwenye kila ukarabati.

Kina hicho hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Kama kimefika milimita 5 baada ya miaka 4, kasi yake ni 2.5 kwa kila kipeuo cha mwaka, na baada ya miaka 100 kitafika milimita 25. Maana yake kwa fundi ni kubwa: ukiongeza kava mara mbili, muda wa hewa ukaa kufika kwenye nondo huongezeka mara nne. Na ukiiba nusu ya kava kwa kuweka biskuti nyembamba (vijiwe vinavyotenga nondo na ubao), unabaki na robo ya umri.

Maabara huweka vipande ndani ya kabati lenye hewa ukaa ya asilimia 1 hadi 4, wakati hewa ya kawaida ina takriban asilimia 0.04. Kwa hesabu ya juu juu, asilimia 4 ni mara 100 ya hewa ya kawaida, na kipeuo cha pili cha 100 ni 10, hivyo kasi hupanda mara kumi. Unyevu lazima udhibitiwe: hewa ukaa hupenya kwa kasi zaidi unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 50 na 70. Zege lililolowa kabisa haliingizi hewa, na lililokauka kabisa halina maji ya kufanyia mmenyuko. Ndiyo maana ukuta uliokingwa na mvua huliwa na hewa ukaa upesi kuliko unaonyeshewa, jambo linalowashangaza wengi.

5. Jaribio la umeme la kulombi linasema nini kuhusu chumvi?

Kipande cha zege chenye kipenyo cha milimita 100 na unene wa milimita 50 hubanwa kati ya vyumba viwili, kimoja kina maji ya chumvi na kingine hidroksidi ya sodiamu. Volti 60 hupitishwa kwa saa 6 na kiasi cha umeme kilichopita huhesabiwa kwa kulombi. Zaidi ya 4,000 zege huhesabiwa kuwa linapitisha sana. Kati ya 1,000 na 2,000 linapitisha kidogo. Chini ya 1,000 kidogo sana. Jaribio hili lilibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya madaraja yanayomwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Udhaifu wake ni kwamba linahesabu umeme wote, wala halijui kama umebebwa na kloraidi au na kitu kingine. Ukitia nitriti ya kalsiamu, ambayo ni dawa ya kuzuia kutu, kulombi hupanda ingawa nondo imelindwa zaidi. Vumbi laini la silika hufanya kinyume chake: hupunguza ioni zilizomo kwenye maji ya vitundu, na zege likaonekana bora kuliko lilivyo. Isitoshe, volti 60 hulipasha moto zege bovu, na joto hilo huzidisha matokeo.

Wanordiki wana njia ninayoiamini zaidi, iliyotokana na kazi ya mtafiti Tang Luping pale chuo cha Chalmers, Uswidi: umeme husukuma chumvi, kisha kipande hupasuliwa na kunyunyiziwa nitrati ya fedha. Palipo na kloraidi panakuwa peupe, nawe unapima kina cha kloraidi yenyewe. Ya polepole zaidi ni kuloweka kipande kwenye maji ya chumvi kwa siku zisizopungua 35 bila umeme wowote, kisha kukwangua unga tabaka kwa tabaka na kupima chumvi ya kila tabaka.

6. Wataalamu wawili wametumia data ileile ya maabara. Mmoja kasema miaka 30, mwingine 120. Nani mkweli?

Huenda wote wamekokotoa sawasawa, ila wametofautiana kwenye namba moja inayoitwa kigezo cha kukomaa. Zege haliachi kukomaa siku ya 28. Vitundu huendelea kuziba, na kasi ya chumvi kupenya hushuka mwaka hadi mwaka. Kigezo hicho husema inashuka kwa kiasi gani. Programu ya kompyuta ya Life-365, inayokadiria umri wa zege, hutumia 0.20 kwa saruji ya kawaida na huruhusu kupanda hadi 0.60 kwa michanganyiko yenye majivu ya makaa ya mawe au slagi kwa wingi.

Tazama inavyofanya. Chukua kasi iliyopimwa siku ya 28 na uipeleke mwaka wa 50. Kwa kigezo cha 0.20 inabaki asilimia 27 ya ile ya mwanzo. Kwa 0.60 inabaki asilimia 2. Tofauti ni mara 13, na hakuna aliyegusa maabara! Ni kwa sababu hii programu hiyo husimamisha ushukaji huo baada ya miaka 25. Walioitunga waliogopa kuahidi ukomavu usio na mwisho.

Swali la kumuuliza mtaalamu basi ni: kigezo chako umekitoa wapi? Kikiwa kimetoka kwenye vipande vilivyokaa kwenye bahari inayofanana na yako, msikilize. Kikiwa kimetoka kwenye jedwali tu, mwombe akufanyie hesabu tena kwa kigezo kidogo uone miaka inashuka mpaka wapi.

7. Kokoto zinaweza kuharibu zege? Zinapimwaje?

Zinaweza. Thomas Stanton wa idara ya barabara ya California alichapisha mwaka 1940 maelezo ya zege lililokuwa linapasuka bila kutu wala chumvi. Silika ya aina fulani ndani ya mawe ilikuwa inamenyukana na alkali ya saruji, ikatoa ute unaonyonya maji na kuvimba. Bwawa la Mactaquac nchini Kanada, lililoanza kazi mwaka 1968 kwa matarajio ya miaka 100, limevimba kiasi kwamba zege lake hukatwa kwa waya wa almasi ili lipate nafasi.

Jaribio la haraka hutumia vijiti vya mota (saruji na mawe yaliyosagwa kama mchanga) vilivyolowekwa kwenye hidroksidi ya sodiamu kwa nyuzi joto 80 siku 14. Kikirefuka zaidi ya asilimia 0.10, jiwe linatiliwa shaka. Utaratibu huu ulitokana na kazi ya Afrika Kusini ya miaka ya 1980. La polepole hutumia vipande vya zege kwa nyuzi joto 38 mwaka mzima, na kikomo chake ni asilimia 0.04, ukitaka kujua kama pozolana itazuia uvimbe, unasubiri miaka miwili. La haraka huhukumu mawe mengi yasiyo na hatia na huachia machache yenye hatia, kwa hiyo likikataa jiwe usilitupe kabla ya la polepole.

## Vipimo vya nje

8. Kwa nini watu huacha vipande vya zege nje miaka 30 au 50?

Kwa sababu bahari haifuati ratiba ya maabara. Nje, kipande kimoja hulowa, hukauka, hupata joto mchana, hupoa usiku, hupigwa na upepo wa chumvi na kuoshwa na mvua, yote kwa wakati mmoja. Maabara hupima kimoja kimoja.

Jeshi la wahandisi la Marekani lina kituo kisiwani Treat, jimbo la Maine, tangu mwaka 1936. Maji ya pale hupanda na kushuka wastani wa zaidi ya mita 5, na kila majira ya baridi vipande huganda na kuyeyuka zaidi ya mara 100. Uswidi ina kituo cha bandari ya Träslövsläge, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 vibamba vya michanganyiko kama 40 vilining'inizwa baharini, sehemu yake majini na sehemu hewani. Kwa wanaopima chumvi, data ya Träslövsläge ni ya thamani kwa kuwa kibamba kilekile kimepimwa tena na tena miaka ilivyopita. Moja ya mafunzo yake ni kwamba chumvi ya juu ya uso iliendelea kuongezeka kwa miaka, wakati kanuni nyingi zilikuwa zimeichukulia kuwa ni ileile tangu siku ya kwanza.

9. Matokeo ya nje yamewahi kupingana na maabara?

Mara nyingi, na hapa ndipo penye elimu kubwa kuliko kote.

Rudi kwenye kokoto. Watafiti wa Texas na wa Ontario waliweka nje mabonge makubwa ya zege lililotengenezwa kwa mawe yaleyale na saruji ileile iliyopimwa maabara. Mabonge mengine yalipasuka ingawa vipande vidogo vya maabara vilifaulu. Sababu ilipatikana: kipande chembamba kwenye mvuke hupoteza alkali yake kwa kuchujwa na maji, na mmenyuko ukakosa chakula. Bonge kubwa huitunza alkali yake ndani. Jaribio lilikuwa limeliponya zege bila kukusudia.

Chuo Kikuu cha Wisconsin nacho kilitengeneza vipande miaka ya 1910, 1923 na 1937 na kuvivunja kidogo kidogo kwa miaka 50. Vile vya 1910, vya saruji iliyosagwa ikabaki na chembe kubwa na inayokomaa taratibu, viliendelea kupata nguvu nje kwa nusu karne. Vya 1937, vya saruji laini inayowahi kukomaa, vilifika kileleni kati ya miaka 10 na 25, kisha havikuendelea, na vingine vikashuka kidogo. Mtu aliyetumia data ya 1910 kuahidi mustakabali wa saruji ya kisasa angekosea. Hili linatuhusu leo, kwani saruji zetu zinasagwa laini kuliko hata hizo za 1937.

Kwenye salfeti, Bureau of Reclamation ya Marekani, idara ya mabwawa na umwagiliaji, iliacha mitungi ya zege ndani ya suluhisho la salfeti ya sodiamu la asilimia 2.1 kwa zaidi ya miaka 40. Uchambuzi uliotoka mwaka 2003 ulionyesha kwamba michanganyiko yenye uwiano wa maji chini ya 0.45 na saruji yenye aluminati ya trikalsiamu (madini ya saruji yanayoshambuliwa na salfeti) chini ya asilimia 8 haikuvimba kufikia kiwango cha kuharibika katika muda wote huo. Miaka mingi ya mjadala kuhusu aina ya saruji, na maji yakathibitika tena kuwa na sauti kubwa sawa na kemia.

10. Vituo vya Uswidi na Maine vinaifaa Pwani yetu?

Vinafundisha utaratibu, namba zake usizihamishe zilivyo. Maji ya Träslövsläge yana wastani wa nyuzi 11 na kloraidi kama gramu 14 kwa lita. Bahari ya Hindi kuanzia Lamu hadi Mtwara ina gramu 19 hivi, na joto lake huzunguka nyuzi 27. Kwa kanuni ya joto inayotumiwa na Life-365, kutoka nyuzi 11 hadi 27 kasi ya chumvi kupenya hupanda mara 2 na ushei, kabla hujahesabu ukali wa chumvi yenyewe. Kava lililoitosha Skandinavia si lazima lilitoshe Kigamboni.

Kuna data ya joto iliyo karibu zaidi na hali yetu. Daraja la Hong Kong–Zhuhai–Macau, lililofunguliwa mwaka 2018 kwa umri wa usanifu wa miaka 120, lilikadiriwa kwa kutegemea vipande vya miaka mingi kutoka kituo cha bandari ya Zhanjiang, kusini mwa China. Na kule Progreso, Yucatán nchini Mexico, gati lililojengwa kati ya 1937 na 1941 kwa nondo za chuma kisichoshika kutu lilikutwa salama lilipokaguliwa miaka ya 1990, wakati gati jingine la baadaye lenye nondo za kawaida, jirani yake, lilikuwa limeshabomoka.

Afrika Kusini imefanya jambo la kuigwa: ina vipimo vitatu vya ngozi ya zege, vya kupitisha oksijeni, kunyonya maji na kupitisha kloraidi, na huvifanya kwa vipande vilivyokatwa kwenye mradi wenyewe. Wakala wa barabara kuu wa huko umeviingiza kwenye mikataba.

11. Nataka kuweka vipande vyangu nje kwenye mradi wa ufukweni. Nianzie wapi?

Anzia kwenye zege la mradi. Usitengeneze zege maalumu. Chota kwenye mzigo uleule unaomwagwa, mafundi walewale, kumwagilia kulekule. Mabonge ya sentimita 30 kila upande yanatosha kwa chumvi. Mengine yatie nondo kwa kava la milimita 20, 35 na 50, ili uone kutu inaanzia wapi.

Yaweke mahali panne: yanapozama daima, maji yanapojaa na kupwa, juu ya mstari wa bamvua ambako upepo wa kusi huleta rasharasha, na chini ya paa lililo wazi pembeni. Pa pili na pa tatu ndipo pabaya zaidi kwa chumvi, maana zege hunyonya maji ya bahari, hukauka na kuacha chumvi ndani, kisha hunyonya tena. Panapozama daima pana chumvi nyingi lakini oksijeni kidogo, hivyo kutu huenda taratibu. Pa nne ni kwa ajili ya hewa ukaa.

Pima baada ya mwaka 1, 2, 5 na 10: toboa, kusanya unga wa kila milimita 5, upeleke maabara. Chonga namba kwenye zege lenyewe; rangi hufutika. Andika uwiano wa maji, aina ya saruji, chanzo cha mchanga na tarehe, na uhifadhi nakala ofisi mbili tofauti. Majaribio ya namna hii hufa zaidi kwa kupotea daftari kuliko kwa kuharibika zege: anayejua vipande viko wapi anastaafu, na aliyebaki anaviona kifusi.

## Hali zenye utata

12. Saruji ya pozolana ilipata alama mbaya siku ya 28. Niikatae?

Subiri siku ya 56 au 90. Pozolana hufanya kazi yake kwa kula chokaa iliyotolewa na saruji, na kazi hiyo ni ya polepole. Ukiipima siku ya 28 unaipima ikiwa mbichi.

Kisha uliza jengo liko wapi. Dhidi ya chumvi, pozolana nzuri iliyomwagiliwa vizuri ni msaada mkubwa. Dhidi ya hewa ukaa hali hugeuka: chokaa ikishaliwa, akiba ya ualkali hupungua, na zege lililonyimwa maji siku za mwanzo huliwa upesi. Nyumba ya bara yenye kava jembamba na kumwagiliwa siku mbili ni mahali pabaya pa saruji hii. Gati lililomwagiliwa wiki mbili ni mahali pake hasa. Kabati la hewa ukaa nalo huionea kidogo, kwa kuwa huanza kuila kabla haijakomaa.

13. Tumechanganya kwa mchanga wa ufukweni au maji ya bahari. Vipimo vya upenyaji vitaonyesha tatizo?

Havitaonyesha, kwa sababu chumvi haina haja ya kupenya. Iko ndani tayari. Omba kipimo cha jumla ya kloraidi. Viwango vya Ulaya huruhusu kwa zege lenye nondo asilimia 0.2 au 0.4 ya uzito wa saruji, kulingana na daraja. Kwa saruji kilo 300 kwa mita ya ujazo, asilimia 0.4 ni kilo 1.2 za kloraidi. Lita 180 za maji ya bahari zina kilo 3.4. Umeshapita kikomo karibu mara tatu kabla zege halijakauka.

Kwa zege lisilo na chuma chochote hali si mbaya hivyo. Kwa nguzo za nyumba, usifanye.

14. Jengo lina miaka 25. Bado naweza kutabiri?

Unaweza kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa jengo lako ndilo jaribio la nje lililo refu na la kweli zaidi. Toboa mahali kadhaa, nyunyiza fenolifthaleini (swali la 4), pima kava kwa mashine ya kutafuta nondo. Tuseme hewa ukaa imefika milimita 15. Kasi ni 3 kwa kila kipeuo cha mwaka. Palipo na kava la milimita 30 itafika kwenye nondo mwaka wa 100. Palipo na milimita 20 itafika mwaka wa 44, yaani miaka 19 kutoka leo. Kwa hiyo usiridhike na wastani wa kava. Tafuta penye kava jembamba kuliko pote, kwenye kona, chini ya vibaraza na kwenye vikinga jua, maana huko ndiko kutakakoanza.

Usitegemee nyundo ya Schmidt kwa kazi hii. Hupima ugumu wa uso, na hewa ukaa huufanya uso kuwa mgumu zaidi. Ngozi iliyopoteza kinga yake inaweza kukupa namba nzuri kuliko ya zamani.

15. Ripoti imeandika "umri wa miaka 100". Maana yake jengo litaanguka mwaka wa 101?

La. Katika usanifu wa Ulaya wa siku hizi, mara nyingi maana yake ni kwamba mwaka wa 100 uwezekano wa kutu kuanza kwenye nondo hautazidi asilimia 10 hivi. Kutu kuanza bado hakujafika kwenye nyufa, na nyufa hazijafika kwenye hatari, ingawa kwenye eneo la kupwa na kujaa safari hiyo inaweza kuwa fupi. Soma ripoti uone imechagua mwisho upi. Isipousema, rudisha.

16. Warumi walijenga bila maabara na Pantheon bado imesimama. Vipimo hivi vyote vya nini?

Pantheon, hekalu la kale la Roma, haina nondo. Ondoa chuma kwenye zege na sehemu kubwa ya ukurasa huu inafutika. Kuba lake limesimama kwa umbo linalolikandamiza, na majivu yao ya volkano yalikuwa pozolana bora. Tunaona pia kilichobaki tu; kilichobomoka karne ya pili hakuna anayekipiga picha.

17. Kuna uharibifu ambao vipimo vya kawaida havikuuona kabisa?

Upo. Kaskazini mashariki mwa Connecticut, maelfu ya nyumba zilizojengwa kuanzia miaka ya 1980 zimepasuka misingi kwa sababu kokoto zilikuwa na madini ya pirotaiti, ambayo hupata oksijeni na maji na kuvimba. Nguvu ya siku ya 28 haikuwa na kasoro. Nyufa zilikuja baada ya miaka 10, 20 au zaidi. Hakuna aliyekuwa anaitafuta pirotaiti.

Uingereza ilipata somo la namna nyingine kwa saruji ya alumina nyingi, iliyopendwa kwa kupata nguvu kwa siku moja. Kwa miaka, hasa penye joto na unyevu, madini yake hugeuka na kuacha vitundu. Paa la shule lilianguka Stepney, London, Februari 1974, baada ya jingine Camden mwaka uliotangulia. Mapaa yote mawili yalikuwa yamepita vipimo vya siku zake za mwanzo. Kwa sababu ya mambo kama ya pirotaiti, jiwe jipya huchunguzwa kwa hadubini na mjuzi wa miamba kabla ya kufikishwa kwenye jaribio lolote la kuvimba.

18. Vipande vyetu vya nje vimepasuka mapema kuliko maabara ilivyosema. Tuamini kipi?

Amini vipande, lakini kwanza hakikisha ni zege lilelile. Linganisha daftari la kumwagilia, uwiano wa maji na mzigo wa saruji. Kata kipande chembamba kwenye ufa wenyewe kiangaliwe kwa hadubini: ute wa silika, fuwele za salfeti na kutu huacha alama tofauti, na bila kujua ni ipi huwezi kurekebisha hesabu. Kikiwa ni kutu, pima kava halisi mahali palipopasuka. Mara nyingi utakuta nondo ilisogea wakati wa kumwaga, na maabara haikukosea.

Kikiwa ni kingine, fanya jaribio la maabara upya kwa joto la chini na kwa muda mrefu zaidi, ukitumia akiba ya kokoto na saruji uliyoweka. Kipande kilichopasuka usikitoe. Kibandike vishikizo vya kupimia upana wa ufa na ukiache palepale, kwa kuwa kasi ya ufa huo kupanuka ndiyo data ambayo jengo lenyewe litaihitaji miaka kumi ijayo.